Bei ya kutoa siri: kutoka London hadi Nairobi

Miaka 100 kabla ya Marekani kutunga sheria ya kuwalipa watu wanaotoa habari za kuzuia ugaidi, serikali ya Uingereza mjini London ilikuwa imekwisha kuujaribu utaratibu huo, ikaziona kasoro zake na kuuweka kando.

London ilifikia uamuzi wake mwaka 1884. Sheria ya Washington ilitiwa saini mwezi Oktoba mwaka 1984. Katika karne hiyo moja, miji mikuu hiyo miwili ilirithishana swali ambalo hadi leo halijapata jawabu la kuridhisha: je, fedha humfanya mtu aseme kweli, au humfanya aseme tu?

Afrika Mashariki iliingizwa katika swali hilo bila kuulizwa. Tangu mabomu yalipolipuka Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, watu waliozaliwa Zanzibar, Mombasa na visiwa vya Comoro wamewekewa bei ya mamilioni ya dola. Wakazi wa Lamu, wa Mombasa na wa mtaa wa Eastleigh nao wamejikuta wakitazamwa kama watu wanaojua jambo na hawataki kulisema.

Barua ya Hoxton

Kisa cha kale kinachojulikana zaidi mjini London ni cha mwaka 1605. Jioni ya tarehe 26 Oktoba mwaka huo, Lord Monteagle alikuwa katika nyumba yake ya Hoxton alipoletewa barua isiyo na jina la mwandishi. Barua hiyo ilimwonya asihudhurie ufunguzi wa bunge. Monteagle aliipeleka kwa mawaziri wa Mfalme James wa Kwanza, na usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba Guy Fawkes akakamatwa chini ya jengo la bunge, penye mapipa 36 ya baruti.

Monteagle alitunukiwa malipo ya maisha pamoja na ardhi, jumla yake ikiwa ni pauni 700 kwa mwaka, kiasi kikubwa mno kwa zama hizo. Mwandishi wa barua hakujulikana kwa hakika. Wanahistoria wengi wamemshuku Francis Tresham, mmoja wa waliokula njama, ambaye alikuwa shemeji yake Monteagle. Tresham alifariki dunia akiwa mfungwa katika ngome ya Tower of London mwezi Desemba mwaka huo huo.

Hivyo basi, hata katika kisa ambacho habari iliokoa maisha ya mfalme na wabunge, aliyelipwa ni yule aliyeipokea barua. Aliyeiandika, awe Tresham au mtu mwingine, hakupata hata senti. Na yaelekea hakuiandika kwa ajili ya fedha, bali alitaka kumnusuru mtu aliyemjua.

Fedha za damu

Mwishoni mwa karne ya 17, wakati London haikuwa na jeshi la polisi, bunge liliona njia rahisi ya kupambana na uhalifu ni kuununua ushahidi. Sheria ya mwaka 1692 iliahidi pauni 40 kwa yeyote atakayemkamata mnyang'anyi wa barabarani na kuhakikisha ametiwa hatiani. Kwa kibarua wa kawaida, hayo yalikuwa zaidi ya mapato ya mwaka mzima.

Matokeo yake yalikuwa kuzuka kwa watu waliofanya ukamataji wa wezi kuwa biashara. Mashuhuri kati yao, Jonathan Wild, aliwaendesha wezi kwa mkono mmoja na kuwapeleka kwenye kitanzi kwa mkono wa pili. Yeye mwenyewe alinyongwa huko Tyburn tarehe 24 Mei 1725.

Miaka 30 baadaye iligundulika jambo baya zaidi. Genge la Stephen MacDaniel lilikuwa likiwashawishi vijana maskini kufanya unyang'anyi, kisha likiwakamata, likitoa ushahidi mahakamani na kuchukua zawadi ya serikali baada ya vijana hao kunyongwa. Ukweli ulipofichuka mwaka 1754, wananchi wa London waliziita fedha hizo fedha za damu. Mmoja wa wanachama wa genge hilo, alipofungwa hadharani ili aaibishwe, alipigwa mawe na umati hadi akafa.

Kashfa nyingine ya aina hiyo ilizuka mwaka 1816, safari hii ikiwahusu maofisa waliokuwa wameajiriwa kulinda usalama. Mwaka 1818 bunge likafuta zawadi hizo za kisheria.

Walichojifunza wabunge kinaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi. Zawadi inayolipwa baada ya mtu kutiwa hatiani humfanya shahidi awe na maslahi katika hukumu. Kwake yeye, mshitakiwa asiye na hatia na mwenye hatia wana bei moja.

Baruti mjini London

Hata hivyo serikali iliendelea kutangaza zawadi kwa uamuzi wa mawaziri, hasa pale hofu ya umma ilipopanda. Na hofu ilipanda sana kati ya mwaka 1881 na 1885, pale wapiganaji waliotaka uhuru wa Ireland walipoleta kampeni ya mabomu katika miji ya Uingereza.

Mwezi Machi mwaka 1883 mlipuko ulitokea katika ofisi za serikali za Charles Street, karibu na Whitehall. Mwezi huo huo polisi wa London waliunda kikosi maalum cha kushughulikia wanaharakati wa Ireland, ambacho baadaye kilijulikana kama Special Branch. Tarehe 30 Oktoba mabomu yalilipuka katika reli ya chini ya ardhi, moja likiwa karibu na Paddington. Mwezi Mei mwaka 1884 bomu lililipuka katika makao makuu ya polisi wenyewe, Scotland Yard.

Katika kipindi hicho serikali ilitangaza zawadi za kati ya pauni 200 na pauni 2,000. Kabla ya hapo, baada ya maofisa wawili wakuu wa serikali kuuawa katika bustani ya Phoenix mjini Dublin mwezi Mei 1882, ilikuwa imetangaza zawadi ya pauni 10,000.

Ndipo kilipotokea kisa kilichobadilisha kila kitu. Mwaka 1884 iligunduliwa njama ya kulipua ubalozi wa Ujerumani mjini London. Wahusika hawakuwa na ugomvi wowote na Ujerumani. Walikusudia kutega baruti, kumpachikia mtu asiye na hatia karatasi za kumtia mashakani, kisha kwenda polisi kumshitaki na kudai zawadi ambayo walijua serikali ingeitangaza.

Kwa maneno mengine, zawadi iliyokusudiwa kuzuia mabomu ilikuwa imezaa mpango wa bomu.

Waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Sir William Harcourt, aliwauliza wakuu wa polisi wa Uingereza na wa Ireland maoni yao. Jawabu lao halikuwa na utata. Zawadi kubwa za kushitua zilikuwa hazileti ushahidi wa maana, zilichochea ushahidi wa uongo, na faida yake kubwa ilikuwa ni kuonyesha umma kwamba serikali inafanya jambo. Harcourt akaamua kuachana nazo.

Uamuzi huo ulipimwa vikali mwaka 1888, wakati wanawake walipokuwa wakiuawa katika mitaa ya Whitechapel, mashariki mwa London. Kamati za wakazi na magazeti yaliitaka serikali itangaze zawadi. Aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, Henry Matthews, alikataa, na mbele ya bunge alieleza kisa cha ubalozi wa Ujerumani kuwa ndicho sababu. Utawala wa City, ambao una polisi wake, ulitangaza pauni 500 kwa mauaji yaliyotokea katika eneo lake. Muuaji hakupatikana.

Mtaa wa Sidney

Kuachana na zawadi za wizara hakukuwa na maana kwamba fedha zilitoweka. Polisi waliendelea kuwalipa wapashaji habari wao kimya kimya, na mara nyingine hadharani.

Mwezi Desemba mwaka 1910, askari watatu wa polisi ya City waliuawa huko Houndsditch na genge la wahamiaji kutoka Latvia, waliokuwa wakivunja duka la vito. Polisi walibandika matangazo ya zawadi ya pauni 500, yakiwa na picha na yakiandikwa pia kwa lugha za wahamiaji wa mashariki mwa London. Tarehe 3 Januari 1911, baada ya kupata dokezo, polisi na wanajeshi waliizingira nyumba moja katika mtaa wa Sidney. Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, alifika mwenyewe kushuhudia. Watu wawili walikufa ndani ya nyumba hiyo ilipowaka moto. Mtu aliyetafutwa kuliko wote, aliyejulikana kwa jina la Peter the Painter, hakuonekana tena.

Tukio hilo lilifuatiwa na kelele za kutaka wahamiaji wabanwe zaidi. Maelfu ya Wayahudi na watu wengine waliokimbia mateso ya dola ya Urusi walijikuta wakibeba lawama za watu wachache. Miaka 90 baadaye, mitaa ya Wasomali mjini London na mjini Nairobi ingekuja kuyafahamu vyema mazingira hayo.

Sheria ya Washington

Marekani iliingia katika njia hiyo ikiwa na majeraha mapya. Mwaka 1983 ubalozi wake mjini Beirut ulilipuliwa, na baadaye kambi ya wanajeshi wake katika mji huo huo. Mwaka uliofuata, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya kupambana na ugaidi wa kimataifa, iliyoanzisha mpango wa zawadi unaosimamiwa na idara ya usalama ya wizara ya mambo ya nje. Mwanzoni kiwango cha juu kilikuwa dola 500,000. Kilipandishwa mara kadhaa, na baada ya mashambulio ya Septemba 11 mwaka 2001 kikafikia dola milioni 25.

Ushindi uliowapa nguvu watetezi wa mpango huo ulipatikana mwezi Februari mwaka 1995. Ramzi Yousef, aliyepanga shambulio la mwaka 1993 dhidi ya jengo la World Trade Center mjini New York, alikamatwa mjini Islamabad, Pakistan. Viberiti vyenye picha yake na ahadi ya zawadi vilikuwa vimesambazwa katika nchi hiyo. Mtu aliyemtaja, mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, alilipwa dola milioni mbili.

Mwezi Julai mwaka 2003, mtu mmoja nchini Iraq aliwaelekeza wanajeshi wa Marekani kwenye nyumba ya mjini Mosul walimojificha Uday na Qusay, watoto wa Saddam Hussein. Wote wawili waliuawa, na dola milioni 30 zikalipwa. Kwa mujibu wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, tangu mwaka 1984 mpango huo umelipa zaidi ya dola milioni 250 kwa watu zaidi ya 125.

Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Watetezi wa mpango huo wanasema ndivyo ilivyo: mtu anayemjua gaidi mara nyingi ni mtu wa karibu naye, anahatarisha maisha yake na ya jamaa zake kwa kusema, na fedha ndizo zinazompa uwezo wa kuhama na kuanza maisha upya. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Kisa cha Yousef kinaonyesha kwamba mtu mmoja akisema kwa wakati, mauaji mengine yanaweza kuzuilika.

Habari iliyokuwepo

Lakini mashambulio ya Nairobi na Dar es Salaam yanasimulia jambo jingine. Watu 224 waliuawa siku hiyo, 213 mjini Nairobi na 11 mjini Dar es Salaam, na maelfu walijeruhiwa. Siku chache baadaye Marekani ilitangaza zawadi ya dola milioni mbili. Mwezi Novemba mwaka 1998, Osama bin Laden aliposhitakiwa rasmi mjini New York, zawadi ilipandishwa hadi dola milioni tano.

Hata hivyo, miezi tisa kabla ya mlipuko, mwezi Novemba mwaka 1997, raia mmoja wa Misri aliingia katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na kueleza kwamba kulikuwa na mpango wa kuulipua kwa kutumia lori. Taarifa hiyo ilifichuliwa na vyombo vya habari baada ya shambulio. Balozi wa wakati huo, Prudence Bushnell, alikuwa ameiomba Washington mara kadhaa jengo lililo salama zaidi, mbali na barabara yenye msongamano. Jengo halikubadilishwa.

Mwaka 1996, raia wa Sudan, Jamal al-Fadl, aliyekuwa ameliibia kundi la Al-Qaeda fedha, alijisalimisha katika ubalozi mmoja wa Marekani barani Afrika na kuanza kueleza alichokijua kuhusu mtandao huo. Mwaka 2001 alikuwa shahidi mkuu katika kesi ya mabomu ya Afrika Mashariki.

Habari, kwa hiyo, zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzipokea, kuzipima na kuchukua hatua, na kazi hiyo hainunuliwi kwa zawadi.

Nyayo za London

Uchunguzi ulipoanza, njia mojawapo ilielekea London moja kwa moja. Tangu mwaka 1994, Khalid al-Fawwaz, raia wa Saudi Arabia aliyewahi kuishi Nairobi, alikuwa akiendesha mjini humo ofisi ya kamati iliyotangaza ujumbe wa Osama bin Laden. Alikamatwa mwezi Septemba mwaka 1998. Raia wawili wa Misri, Adel Abdel Bary na Ibrahim Eidarous, walikamatwa mwezi Julai mwaka 1999.

Dhidi ya Wamisri hao wawili, ushahidi ulitokana na alama za vidole zilizokutwa kwenye nakala za faksi za kudai kuhusika na mashambulio. Haukuwa ushahidi wa kununuliwa. Mwezi Desemba mwaka 2001 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliamua kwamba watatu hao wanaweza kupelekwa Marekani. Eidarous alifariki dunia mwaka 2008 akiwa bado London. Wenzake walisafirishwa mwezi Oktoba mwaka 2012, miaka 14 baada ya mlipuko. Mwaka 2015 al-Fawwaz alihukumiwa kifungo cha maisha na Bary miaka 25.

Kwingineko pia, kazi ya kawaida ya upelelezi ndiyo iliyozaa matunda. Mohamed al-Owhali alikamatwa katika nyumba ya wageni ya Eastleigh siku tano baada ya shambulio, baada ya polisi wa Kenya kupata taarifa. Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa mjini Cape Town mwezi Oktoba mwaka 1999, pale wapelelezi wa Marekani walipoitambua picha yake katika faili za waomba hifadhi. Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa mjini Gujrat, Pakistan, mwaka 2004, na mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha mjini New York.

Harun

Aliyesumbua kuliko wote alikuwa Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Moroni, aliyejulikana pia kwa jina la Harun. Baada ya mwaka 1998 aliwekewa bei ya mamilioni ya dola. Hata hivyo alirejea Kenya, akaishi Siyu katika kisiwa cha Pate kama mwalimu, na kuoa huko. Wapelelezi wanaamini alikuwa kiongozi wa shambulio dhidi ya hoteli ya Paradise huko Kikambala tarehe 28 Novemba 2002. Mwezi Agosti mwaka 2008 aliponyoka tena polisi walipovamia nyumba mjini Malindi.

Kwa nini hakuna aliyemuuza? Maelezo ya haraka ni kwamba wenyeji walimficha. Lakini waliomfahamu Siyu walimjua kwa jina jingine, kama mgeni mcha Mungu aliyefundisha watoto wao. Na wale walioshuku walikuwa na sababu za kunyamaza. Kenya ilipitisha sheria ya kuwalinda mashahidi mwaka 2006 tu. Kabla ya hapo, mtu aliyekwenda kituo cha polisi hakuwa na hakika kama angerudi nyumbani akiwa shahidi au mshukiwa. Baada ya Kikambala watu wengi wa pwani walikamatwa. Waliofikishwa mahakamani kwa mashitaka ya kuhusika waliachiliwa mwezi Juni mwaka 2005 kwa kukosekana ushahidi wa kutosha.

Harun aliuawa mwezi Juni mwaka 2011 mjini Mogadishu. Gari lake lilipotea njia usiku na kufika kwenye kizuizi cha askari wa serikali ya mpito ya Somalia. Askari hao walifyatua risasi bila kumjua ni nani. Bei ya dola milioni tano iliyokuwa juu ya kichwa chake haikuwa na nafasi katika kifo chake.

Ngamia 10

Mwezi Juni mwaka 2012 Marekani ilitangaza bei kwa viongozi saba wa Al-Shabaab, ya juu ikiwa dola milioni saba kwa Ahmed Abdi Godane. Siku chache baadaye, mmoja wa viongozi hao, Fuad Mohamed Khalaf, alijibu kwa kejeli. Aliahidi ngamia 10 kwa atakayesema alipo Rais Barack Obama, na kuku 10 na majogoo 10 kwa atakayemfichua waziri wa mambo ya nje, Hillary Clinton.

Ilikuwa dhihaka, lakini iligusa jambo la kweli. Katika mazingira ambako mtoa habari huuawa hadharani, tangazo la zawadi huweza kugeuzwa kuwa tangazo la vitisho: kila mtu anaweza kuwa msaliti, na kila jirani anaweza kuwa mnunuzi.

Godane aliuawa kwa shambulio la anga la Marekani mwezi Septemba mwaka 2014. Mukhtar Robow, aliyekuwa na bei ya dola milioni tano, alifuata njia tofauti. Marekani iliondoa bei hiyo mwaka 2017, na miezi michache baadaye akajisalimisha kwa serikali. Mwezi Agosti mwaka 2022 aliteuliwa kuwa waziri wa masuala ya dini wa Somalia. Katika kisa chake, mlango ulifunguka pale bei ilipoondolewa.

Kenya nayo iliiga mfano huo. Baada ya watu 148 kuuawa katika chuo kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, serikali ilitangaza shilingi milioni 20 kwa habari kumhusu Mohamed Kuno, aliyewahi kuwa mwalimu wa madrasa mjini humo. Aliuawa nchini Somalia mwaka 2016.

Duka la Malta

Onyo la mwaka 1884 kuhusu ushahidi lilirejea katika kesi iliyoanzia London. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya shirika la Pan Am iliondoka uwanja wa Heathrow na kulipuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland. Watu 270 waliuawa. Mwaka 2001 raia wa Libya, Abdelbaset al-Megrahi, alitiwa hatiani, na ushahidi wa mwenye duka la nguo nchini Malta ulikuwa na uzito mkubwa.

Mwaka 2007 tume ya Scotland inayochunguza kesi zilizokwisha kuamuliwa iliirejesha kesi hiyo mahakamani. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba upande wa utetezi haukuelezwa kuwa shahidi huyo alikuwa ameonyesha kuvutiwa na zawadi ya Marekani, ambayo alilipwa baada ya kesi. Mwezi Januari mwaka 2021 majaji walikataa rufaa iliyofunguliwa na familia ya al-Megrahi, ambaye alikuwa ameshafariki dunia. Hukumu ilisimama, lakini shaka iliyoletwa na fedha haikuondoka katika mjadala.

Nchini Afghanistan na Pakistan, hali ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya mwaka 2001 vipeperushi vya kuahidi utajiri vilidondoshwa kutoka angani. Rais Pervez Musharraf wa Pakistan aliandika mwaka 2006 kwamba nchi yake iliwakabidhi Wamarekani watu 369 na kupata mamilioni ya dola. Wengi wa waliopelekwa Guantanamo katika miaka hiyo hawakukamatwa na Wamarekani wenyewe, na walio wengi waliachiliwa bila kushitakiwa.

Kunyamaza ni kosa

Uingereza ilichagua njia nyingine. Mwaka 2001 iliongeza katika sheria yake ya ugaidi kifungu kinachofanya kuwa kosa kuficha habari ambazo zingeweza kuzuia shambulio. Adhabu ilikuwa kifungo cha hadi miaka mitano, na mwaka 2019 ikapandishwa hadi miaka 10. Pale Marekani ilipoahidi kulipa kusema, London iliahidi kuadhibu kunyamaza.

Njia hiyo ilipimwa mwaka 2005. Tarehe 7 Julai watu 52 waliuawa katika treni na basi mjini London. Wiki mbili baadaye vijana wengine, waliokuja Uingereza kutoka Eritrea, Somalia na Ethiopia, walijaribu shambulio kama hilo, lakini mabomu yao hayakulipuka. Polisi walitangaza picha zao. Familia ya mmoja wao, Muktar Said Ibrahim, ilieleza baadaye kwamba mara baada ya kuiona picha yake ilikwenda kituo cha polisi na kutoa maelezo. Mwaka 2008, jamaa na marafiki kadhaa wa washambuliaji hao walitiwa hatiani kwa kuwasaidia au kwa kutosema walichokijua.

Vitisho vya sheria, kama zilivyo fedha, vina mipaka. Mzazi anayemtaja mwanawe hafanyi hivyo kwa kuhesabu miaka ya kifungo. Kama mwandishi wa barua ya mwaka 1605, husukumwa na jambo lililo karibu naye zaidi, na huhitaji kuamini kwamba upande wa pili wa meza ameketi mtu atakayemsikiliza kwa haki.

Hesabu ambayo haijafungwa

Mjini Nairobi, mahali palipokuwa ubalozi ni bustani ya kumbukumbu yenye majina ya waliouawa. Kwa walionusurika, zawadi hizi zina sura nyingine. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa wahanga wa ugaidi ikiwa ni sehemu ya kuondolewa katika orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Wakenya na Watanzania wengi ambao hawakuwa raia wala waajiriwa wa serikali ya Marekani hawakuingizwa katika malipo hayo, na wengine wamekuwa wakidai fidia kwa zaidi ya miaka 25.

Mtu aliyepoteza macho mtaa wa Haile Selassie tarehe 7 Agosti 1998 amewahi kusikia kwamba habari kuhusu mtu mmoja ina thamani ya dola milioni tano. Ni mtu huyo huyo, na majirani zake, ambao serikali huwategemea waseme watakapoona jambo lisilo la kawaida.

Harcourt na wakuu wake wa polisi hawakusema kwamba habari haina thamani. Walisema kwamba bei ikitangazwa kwa kishindo, wanaokuja mbele kwanza mara nyingi ni wale ambao hawana cha kuuza.